Beatrice Worsley: Mwanamke wa Toronto aliyeipatia kompyuta mtarjumani

TORONTO, Kanada

Kila anayejifunza kuandika programu za kompyuta hukutana mapema na adha moja. Ameandika mistari yake hamsini, ameazima na kazi za watu wengine ambazo mafundi huziita maktaba, amebonyeza kitufe, na badala ya jibu anamwagiwa ukurasa mzima wa makosa. Jina hili halijulikani. Aina hii hailingani na ile. Halafu chini yake yanafuata maonyo: kifaa ulichokiazima kimepitwa na wakati, siku moja kitaondolewa. Wengi huvunjika moyo hapo hapo.

Anayesema maneno hayo ni kompaila, yaani programu inayochukua maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Kwa lugha yetu tunaweza kumwita mtarjumani. Vijana wetu wengi waliokuja Kanada kutafuta maisha wanashinda naye kutwa, wanagombana naye, wanamlaani, lakini ni wachache wanaofahamu kuwa mmoja wa watarjumani wa mwanzo kabisa wa aina hii alizaliwa katika mji huu huu wa Toronto, katikati ya miaka ya 1950, na kwamba mmoja wa wazazi wake wawili alikuwa mwanamke.

Jina lake ni Beatrice Helen Worsley. Alifariki dunia mwaka 1972, na kwa muda wa miaka thelathini baada ya hapo jina lake lilikuwa karibu limepotea. Leo wanaoandika historia ya kompyuta wanamtaja kama mmoja wa waasisi wa fani hiyo nchini Kanada. Makala hii inasimulia maisha yake, na kile ambacho maisha hayo yanatufundisha sisi tunaotumia kazi za watu tusiowajua.

Binti wa wahamiaji

Beatrice alizaliwa tarehe 18 Oktoba mwaka 1921 katika mji wa Querétaro, nchini Mexico. Baba yake, Joel Worsley, alikuwa Mwingereza aliyetoka katika familia ya wafanyakazi wa kawaida mjini Manchester, akavuka bahari kwenda kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Mexico. Miaka hiyo Mexico ilikuwa imetikiswa na mapinduzi na maasi, na kwa usalama wao watoto wa familia hiyo walianza masomo yao nyumbani.

Mwaka 1929 wazazi waliamua kuhamia Toronto ili watoto wapate shule nzuri. Msomaji ambaye ameihama nchi yake kwa ajili ya watoto hahitaji kuelezwa uzito wa uamuzi kama huo. Beatrice alikuwa na umri wa takriban miaka minane, na tangu siku hiyo Kanada ikawa ndiyo nchi yake.

Alisoma katika shule ya wasichana ya Bishop Strachan, na alipomaliza mwaka 1939 alipewa tuzo ya Gavana Mkuu kwa kuwa na alama za juu kuliko wenzake. Mwaka huo huo akaingia Trinity College, moja ya vyuo vilivyo ndani ya Chuo Kikuu cha Toronto, akiwa na ufadhili wa masomo ya sayansi. Akachagua hisabati na fizikia. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imeshaanza, na alipopata shahada yake ya kwanza mwaka 1944 vita vilikuwa bado vinaendelea.

Jeshini na baharini

Mara baada ya kuhitimu alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la wanamaji la Kanada, akapelekwa katika kituo cha utafiti cha jeshi hilo mjini Halifax, kwenye pwani ya Atlantiki. Huko alishughulikia namna ya kupunguza usumaku wa meli ili zisilipuliwe na mabomu ya majini yanayolipuka yanapohisi usumaku wa meli, na pia namna ya kuongoza topido.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, wenzake wa kikosi cha wanawake waliokuwa katika kituo kile walirudi makwao. Yeye alibaki. Alipandishwa cheo kuwa luteni na kupewa kazi ya kuchunguza jinsi maji ya chumvi yanavyokula mabati ya meli. Kwa ajili ya kazi hiyo alikaa siku 150 baharini ndani ya meli ya kufagia mabomu iliyoitwa Quinte. Hakuna mwanamke mwingine wa kikosi chake aliyekaa baharini muda mrefu kiasi hicho.

Tunaitaja habari hii kwa sababu inatuonyesha mtu wa namna gani. Alikuwa mtu wa kushika kitu kwa mikono yake, kupima, kuandika, na kupima tena. Tabia hiyo ndiyo iliyokuja kumfaa.

Mwaka 1946 alikwenda Marekani, katika taasisi maarufu ya MIT, kusomea shahada ya uzamili. Tasnifu yake ya mwaka 1947 ilikuwa uchunguzi wa vyombo vyote vya kukokotolea vilivyojulikana wakati ule, na nyongeza yake ilihusu makosa: ni kwa kiasi gani mashine ya kukokotoa inaweza kukosea, na kosa hilo linatoka wapi. Tangu mwanzo, basi, suala la makosa lilikuwa mezani pake.

Toronto bila kompyuta

Aliporudi Kanada alifanya kazi kwa muda mfupi mjini Ottawa, katika Baraza la Taifa la Utafiti. Mwanzoni mwa mwaka 1948 aliposikia kuwa Chuo Kikuu cha Toronto kimeanzisha kituo cha ukokotoaji, aliacha kazi yake na kujiunga nacho.

Kituo chenyewe hakikuwa na kompyuta. Kilikuwa na mashine za IBM za kuhesabia kwa kadi zilizotobolewa, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwakokotolea hesabu wanasayansi wa nyuklia wa Kanada. Katika kiangazi cha mwaka 1948 Beatrice alitengeneza mashine ya kutatua milinganyo kwa kutumia vipande vya Meccano, ile michezo ya watoto ya vyuma, njumu na magurudumu. Wasomi wa Manchester, Douglas Hartree na Arthur Porter, walikuwa wamefanya jambo kama hilo miaka ya 1930. Si kila mtaalamu mwenye shahada ya MIT angekubali kukaa chini na vyuma vya watoto. Yeye alikaa.

Muda si mrefu chuo kiliamua kumpeleka Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, yeye pamoja na mwenzake mmoja, wakajifunze namna kompyuta ya kweli inavyojengwa.

Cambridge na maktaba ya kwanza

Huko Cambridge, Maurice Wilkes na wenzake walikuwa wanakaribia kukamilisha mashine iliyoitwa EDSAC. Ilikuwa miongoni mwa kompyuta za kwanza duniani kuweka programu ndani ya kumbukumbu yake yenyewe. Tarehe 6 Mei mwaka 1949 iliendesha programu yake ya kwanza na kuchapa orodha ya namba mraba. Beatrice alikuwepo. Ni yeye aliyeandika maelezo ya programu zilizoonyeshwa mbele ya wageni katika mkutano uliofanyika hapo mwezi Juni mwaka huo, na maelezo hayo ndiyo yanayowawezesha wanahistoria wa leo kujua mashine ile ilifanya nini hasa siku zake za mwanzo.

Mambo mawili makubwa yalijitokeza pale Cambridge, na yote mawili yanamhusu kila anayeandika programu leo.

La kwanza ni kwamba makosa hayakwepeki. Watu walidhani kuwa ukishapata mashine, kuandika programu kutakuwa kazi ya kawaida ya mwanahisabati makini. Wilkes mwenyewe aliandika programu ya mistari 126. Miaka mingi baadaye utepe wake wa karatasi ulipochunguzwa, ulikutwa na makosa yapatayo 20. Katika kumbukumbu zake Wilkes alisimulia kuwa ilimjia ghafla, akiwa kwenye ngazi za jengo lile, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki angeitumia kusaka makosa katika programu zake mwenyewe.

La pili ni maktaba. Wilkes na vijana wake, hasa David Wheeler, waliona haifai kila mtu aandike upya namna ya kutafuta kipeuo cha pili au kuchapa namba. Basi wakaandika vipande vya programu, wakavihakikisha, wakavitoboa kwenye tepe za karatasi na kuvipanga katika kabati la chuma. Mwenye shida alikwenda kabatini, akachukua utepe anaoutaka, akaunakili ndani ya kazi yake. Kufikia mwaka 1951 kabati hilo lilikuwa na vipande 87, na mwaka huo huo kitabu chao cha kuelezea utaratibu huo kikachapishwa. Leo tunapakua maktaba kwa intaneti kwa sekunde chache, lakini jambo ni lile lile: kumwamini mtu usiyemjua, kwamba alichokiweka kabatini kinafanya kile alichosema kinafanya.

Beatrice alibaki Cambridge kwa ajili ya shahada ya udaktari, akiwa katika chuo cha wanawake cha Newnham, chini ya usimamizi wa Hartree yule yule. Alirudi Toronto kabla ya kukamilisha, akamalizia kazi akiwa huku, na shahada ikatolewa mwaka 1952. Tasnifu yake ilihusu uandishi wa programu kwa mashine halisi na kwa mashine za kinadharia. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa tasnifu za kwanza kabisa za udaktari duniani kuhusu kompyuta za kisasa, na yeye miongoni mwa wanawake wa kwanza kupata shahada hiyo katika uwanja huo.

Mashine iitwayo FERUT

Wakati huo Chuo Kikuu cha Toronto kilikuwa kinajaribu kujenga kompyuta yake chenyewe. Lakini mwaka 1952 ilitokea nafasi ambayo haikutarajiwa. Kampuni ya Ferranti ya Manchester ilikuwa na kompyuta iliyokwisha kutengenezwa, na mteja wake, ambaye ni serikali ya Uingereza, alikuwa amejitoa. Kanada ikainunua kwa kiasi cha dola 300,000, ikasafirishwa kuvuka bahari, na mwaka huo huo ikafungwa chuoni Toronto. Beatrice ndiye aliyeipa jina: FERUT, kifupi cha Ferranti na University of Toronto.

Ilikuwa mashine yenye nguvu kwa wakati wake. Christopher Strachey alikuja kutoka Uingereza kuandikia programu kubwa ya kukadiria mwenendo wa maji ya Mto St. Lawrence, kwa ajili ya ile njia kuu ya meli iliyofunguliwa mwaka 1959. Lakini kuizungumza lugha yake ilikuwa kazi ngumu.

Hebu msomaji afikirie. FERUT ilikuwa na alama 32 za mashine ya simu za maandishi: herufi, namba na vituo, kila moja ikiwakilisha namba fulani. Mwandishi wa programu alipaswa kuzijua kwa moyo. Namba zenyewe ziliandikwa kinyume, tarakimu ndogo ikitangulia kubwa. Sifuri iliandikwa kwa mkwaju, hivyo kurasa zikajaa mikwaju mitupu. Kumbukumbu ya haraka ilikuwa ndogo, kwa hiyo kila mara ilibidi mtu aiagize mashine kuhamisha vitu kutoka kwenye pipa la sumaku na kuvirudisha. Na kwa kuwa mashine haikujua nukta ya desimali, mtu alipaswa kukumbuka kichwani nukta iko wapi katika kila hatua.

Ukikosea herufi moja, hakuna ujumbe wowote uliotokea. Mashine ilisimama tu, au ilizunguka bila mwisho, au ilikamilisha kazi na kutoa jibu lisilo sahihi. Palikuwa na honi iliyoweza kulia, na vioo vya kuonyesha nukta za mwanga zilizomo ndani ya kumbukumbu. Mafundi walikodolea macho nukta hizo wakitafuta pale mambo yalipoharibika. Anayelalamika leo kwamba kompaila inamwonyesha makosa 40 angewaonea huruma watu wale ambao mashine yao haikuwaonyesha hata moja.

Mtarjumani aitwaye Transcode

Matokeo yake ni kwamba FERUT ilikuwa ya watu wachache. Mhandisi, mkemia au mwanafizikia mwenye hesabu zake alikuwa na njia mbili: kujifunza ile lugha ya mikwaju kwa majuma mengi, au kupanga foleni kumsubiri mmoja wa wale waliokuwa wanaijua.

Hapo ndipo Beatrice Worsley na mwenzake Patterson Hume walipoamua kuifanya mashine ijifunze lugha ya watu. Matokeo yalikuwa Transcode, na mwaka 1955 walichapisha maelezo yake katika jarida la chama kikuu cha wataalamu wa kompyuta cha Marekani.

Kwa Transcode, mtu aliandika namba zake za kawaida za kumi kumi, akatumia maneno mafupi ya amri kama kujumlisha, kuzidisha au kurudia, na kuvipa vitu vyake majina rahisi. Nukta ya desimali ilishughulikiwa na Transcode yenyewe. Kuhamisha vitu kati ya pipa na kumbukumbu ya haraka kulishughulikiwa na Transcode. Vipande vya maktaba vililetwa na Transcode. Mashine ilisoma maandishi yote kwanza, ikayatafsiri, kisha ndipo ikaanza kazi. Mtu asiye mtaalamu aliweza kujifunza kwa saa chache na kuandika programu yake mwenyewe.

Hawakuwa peke yao duniani. Nchini Marekani, Grace Hopper alikuwa na mtambo wake wa kutafsiri tangu mwaka 1952. Mjini Manchester, Alick Glennie na baadaye Tony Brooker walifanya kazi kama hiyo kwa mashine ndugu ya FERUT. John Backus na kundi lake la IBM walikuja kutoa Fortran mwaka 1957. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa hakuna mashine itakayoandika amri vizuri kama binadamu, na kwamba kuwarahisishia wasiojua ni kupoteza muda. Kundi la watu hawa wachache lilionyesha kinyume chake, na Toronto ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo.

Uthibitisho ulipatikana mwaka 1955, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, zaidi ya kilomita 2,000 magharibi, walipotuma programu zao za Transcode kwa waya wa simu za maandishi hadi Toronto, FERUT ikazikokotoa, na majibu yakarudi kwa waya huo huo. Mtu aliyekuwa hajawahi kuiona mashine aliweza kuitumia akiwa mbali.

Kupitwa na wakati

Tukifika hapa inafaa tuzungumzie yale maonyo tuliyoyataja mwanzoni.

Mwaka 1958 Chuo Kikuu cha Toronto kiliiondoa FERUT na kuweka mashine ya IBM 650. FERUT ikahamishiwa Ottawa. Siku hiyo kila programu iliyoandikwa kwa Transcode ilikosa mahali pa kuendeshwa mjini Toronto. Transcode ilikuwa mtarjumani kati ya watu na mashine moja tu. Mashine ilipoondoka, mtarjumani alikosa wa kumtafsiria.

Mafundi wa leo wamejaribu kuupunguza uchungu wa jambo hilo. Mwenye maktaba anapotaka kuondoa kifaa cha zamani, kwanza anakiwekea alama. Kompaila inapoiona alama hiyo katika programu ya mtu, inamwonya: hiki bado kinafanya kazi, lakini usikitegemee, tumia kile kingine. Baada ya matoleo kadhaa ndipo kifaa kinaondolewa, na siku hiyo onyo linageuka kuwa kosa. Waliotumia lugha ya Python wanaikumbuka vizuri safari hiyo. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2008 na halikuelewana na la pili. Watu walipewa muda mrefu wa kuhama, na toleo la pili lilifungwa rasmi tarehe 1 Januari mwaka 2020. Hata hivyo wengi walikutwa hawajahama.

Kwa hiyo anayekutana na ukurasa wa makosa asitaharuki. Aanze na kosa la kwanza, kwa sababu mara nyingi yale 39 yanayofuata ni watoto wa hilo moja. Kama jina alilolitumia halijulikani, atazame toleo la maktaba aliyonayo, kwani huenda maelezo anayoyafuata yaliandikwa kwa toleo jingine. Kama kosa linatoka ndani ya maktaba yenyewe na si katika mistari yake, aangalie kama maktaba na kompaila vinaendana umri. Na maonyo ya kupitwa na wakati asiyanyamazishe. Upo uwezekano wa kuiambia kompaila inyamaze, na wengi hufanya hivyo ili ukurasa uonekane safi. Lakini huko ni kuzima king'ora na kuuacha moto uendelee.

Watumiaji wa FERUT hawakuwa na utaratibu kama huo. Kazi yao ilikwisha pamoja na mashine.

Queen's, Waterloo na kifo

Ukiutazama mwenendo wake wa kazi, jambo moja linaonekana wazi. Beatrice alikuwa na shahada ya udaktari tangu mwaka 1952, alikuwa ameshiriki kutengeneza Transcode, na alikuwa amefundisha watu wengi kuitumia mashine. Lakini ilifika mwaka 1960 ndipo akafanywa profesa msaidizi. Wenzake wa kiume aliofanya nao kazi walipanda haraka zaidi. Idara ya sayansi ya kompyuta ilipoanzishwa Toronto mwaka 1964 alikuwa bado katika cheo hicho hicho.

Mwaka 1965 alihama na kwenda Chuo Kikuu cha Queen's, mjini Kingston, kusaidia kuanzisha kituo chao cha kompyuta. Alifundisha huko kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1971 alipata likizo ya masomo, na mahali alipochagua kuitumia ni Chuo Kikuu cha Waterloo. Uchaguzi huo unaeleweka. Mwaka 1965 wanafunzi wanne wa shahada ya kwanza wa Waterloo walikuwa wametengeneza kompaila ya Fortran iliyoitwa WATFOR. Ilikuwa na sifa mbili zilizoieneza katika vyuo vya nchi nyingi. Kwanza, ilikuwa na kasi. Pili, ilimweleza mwanafunzi makosa yake kwa lugha iliyo wazi, mahali yalipo na aina yake. Mtarjumani sasa alikuwa anafundisha pia. Mtu aliyeanza kazi katika enzi ya honi na nukta za mwanga alikuwa amefika katika chuo ambacho kiliyachukua maelezo ya makosa kuwa kazi ya kisomi.

Hakukaa sana. Tarehe 8 Mei mwaka 1972 alifariki dunia ghafla kwa shambulio la moyo akiwa Waterloo. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Jina lililorudi

Baada ya hapo ukimya ukatanda. Fani yenyewe ilikwenda mbio, mashine zilibadilika kila miaka michache, na watu waliosimulia mwanzo wake walisimulia zaidi habari za Wamarekani na Waingereza. Mwaka 2003 ndipo mwanahistoria Scott Campbell alipochapisha uchunguzi wa maisha yake katika jarida la historia ya kompyuta, na jina likaanza kurudi. Mwaka 2014 jumuiya ya wasomi wa kompyuta wa Kanada ilimpa tuzo ya mafanikio ya maisha, miaka 42 baada ya kifo chake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo sababu yetu wenyewe ya kulisoma jambo hili. Mwaka 1974, miaka miwili baada ya Beatrice kufariki, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mfumo wa hesabu za serikali katika Wizara ya Fedha ulikuwa umevurugika, na nchi ilikuwa inawategemea wataalamu wa kigeni kuuendesha. Lawama ikaangukia mashine. Waliokuwa na hasira walikuwa na haki ya kuwa na hasira, kwani fedha za umma zilipotea. Lakini mashine haikuwa na siri yoyote. Walichokosa ni watu wao wenyewe wa kutosha wenye kuweza kukaa mbele ya kosa, kulisoma na kulifuata hadi lilipoanzia. Watu hao hawaletwi ndani ya kasha pamoja na mtambo, wanaandaliwa.

Toronto nayo ilinunua mashine iliyotengenezwa nje, yenye lugha ngumu na makosa mengi. Tofauti ni kwamba ilikuwa na Worsley aliyetumwa kusoma mapema, akarudi, na pamoja na Hume wakaitengenezea mashine ya kigeni mlango ambao wenyeji wangeweza kuupita. Kazi hiyo haikudumu zaidi ya miaka michache, kwa sababu hakuna programu inayodumu. Lakini watu walioingia kwa mlango huo walibaki, wakafundisha wengine, na hao wengine ndio waliojenga fani hii nchini Kanada.

Leo vijana wetu walioko Toronto, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaandika programu kwa kutumia maktaba za watu wasiowajua, na baadhi yao wameanza kuandika maktaba ambazo watu wengine wanazitegemea. Anayefanya hivyo amerithi kazi ya Beatrice Worsley. Aweke maelezo yaliyo wazi, amwambie mwenzake kosa liko wapi, na anapotaka kuondoa kitu amwonye mapema. Atakayekuja baada yake huenda asilijue jina lake, lakini ataipata njia.